Samaki Saba wa Birikani

Bibi alinipigia simu alfajiri, kabla sijamaliza uradi. Baada ya salamu alisema jambo moja tu: "Samaki wangu wamekufa. Njoo utazame."

Nyumba yake iko Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ndani kabisa, mahali ambapo uchochoro ni mwembamba hata punda wawili wenye mizigo hawapishani. Nilimkuta chooni, amesimama kando ya birika, kata mkononi. Samaki saba wadogo walikuwa wakielea, matumbo juu. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Na mai haya mwayanwa?" Nikamwambia twayanwa. "Na watoto?" Na watoto, bibi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nambie yamewafanya nini samaki hawa."

Mimi ni mwalimu wa kemia. Ndiye niliyeishawishi kamati ya maji ya mtaa inunue pampu ya dozi, mashine ndogo ya kutia maji klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwa kipimo, na ndiye niliyeongeza dozi siku mbili kabla ya asubuhi ile. Jibu la darasani nilikuwa nalo. Jibu la kumpa mwanamke aliyefuga samaki katika birika lile tangu siku alipoingizwa nyumba hiyo kama bi harusi, sikuwa nalo. Ilinichukua miezi kulipata, na nimeona niliandike lote, kwa sababu naamini mitaa mingi ya pwani iko pale tulipokuwa sisi.

Kwa asiyelelewa Lamu, birika ninalolisema si la chai. Ni tangi dogo la mawe lililojengwa kwenye pembe ya choo, likapakwa chokaa na kusuguliwa hadi likawa laini, na maji ya kuoga na kutawadha huchotwa humo kwa kata. Katika nyumba za zamani mafundi walitia sahani ya Kichina kwenye sakafu ya birika, ili maji yakipungua hadi mwisho samaki wapate pa kujihifadhi. Wale samaki wana kazi. Wanakula viluwiluwi vya mbu. Birika lisilo na samaki, kwa joto na kivuli cha nyumba zetu, ndani ya siku kumi hivi limekwisha kutoa mbu wanaoruka. Kwa hiyo wazee walikuwa na njia yao ya kuyalinda maji, na njia hiyo ilikuwa na roho ndani yake. Dawa yangu iliitoa roho hiyo kwa usiku mmoja.

Lamu haina mto. Maji yetu matamu ni mvua iliyonywea kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ikakaa chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kama mita 40 nyingine chini yake. Ukivuta kwa pupa ukaishusha ile mita ya juu, chumvi nayo hupanda kutoka chini mara nyingi zaidi ya ulivyoshusha. Ng'ambo, kisiwani Manda, wazee husimulia kwamba watu wa mji wa Takwa walihama wakaja Shela baada ya visima vyao kugeuka chumvi. Mimi kila nikiona mtu anapima kiwanja juu ya vile vilima moyo hunienda mbio, lakini hilo lina siku yake.

Mtaa wetu hautegemei maji ya Shela pekee. Tuna kisima cha zamani, cha mawe ya matumbawe, na kiko hatua kumi na nne kutoka choo cha shimo cha nyumba ya jirani. Nimezihesabu. Jiwe la tumbawe limejaa matundu. Kinachomwagwa upande huu hutokea upande wa pili. Mvua za mwaka, yaani masika, zinapokolea, mashimo ya vyoo hujaa, maji ya ardhini hupanda, na viwili hivyo hukutana. Ndipo watoto huanza kuharisha. Msimu mmoja nilikuwa na madawati tisa matupu darasani kwa wiki moja, yote ya watoto wa mitaa mitatu inayochota kisima hicho.

Pwani hii haikukijua kipindupindu jana wala juzi. Daktari James Christie, aliyekuwa akiishi Unguja, aliandika jinsi kilivyopita huko mwaka 1869 na 1870. Miaka kumi na tano kabla yake, mwaka 1854, John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha London kwamba ugonjwa ule ulikuwa ukitoka kwenye pampu moja ya maji ya mtaani. Kwa hiyo jambo lenyewe limejulikana kwa zaidi ya karne moja na nusu, na bado mtoto wa Langoni anaharisha kwa maji ya kisima. Hilo linaniuma.

Kabla ya pampu tulikuwa na ndoo. Kila Ijumaa baada ya sala, ami yangu, ambaye ni mwenyekiti wa kamati, alikoroga klorini ya unga akaimwaga kisimani. Ijumaa jioni maji yalinuka hata watu wakayakataa. Jumapili harufu imekwisha. Jumatatu hadi Alhamisi tulikuwa tunakunywa maji ya kisima kama Mungu alivyoyaleta, pamoja na kile ambacho choo kilikuwa kimeyaongezea, na mioyo yetu imetulia kwa sababu "kisima kimetiwa dawa". Simlaumu ami. Kisima kilichoingiwa na mafuriko humwagiwa dawa nyingi kwa mara moja, na ni sawa. Lakini kisima kinachotekwa kila siku kinaingiza maji mapya kila saa, na maji mapya huja na uchafu wake mpya. Dawa ya Ijumaa haiwezi kuwangoja wadudu wa Jumatano.

Walioligeuza jambo hili walilielewa hivyo. Mwaka 1908, huko Marekani, daktari John Leal alianza kutia klorini katika maji ya mji wa Jersey City, kidogo kidogo, kwa kipimo, bila kukatika usiku na mchana. Hakuomba ruhusa kwanza, akajikuta mahakamani akieleza kwa nini ametia sumu katika maji ya watu, na mahakama ikaikubali kazi yake. Kilicholeta mabadiliko hakikuwa klorini yenyewe, maana ilijulikana zamani. Kilicholeta mabadiliko ni ile dozi ndogo isiyokatika.

Pampu yetu ya dozi ni ndogo, mtu huibeba kwa mkono mmoja. Ndani yake mna ngozi ya mpira inayosukumwa na kurudi, kama moyo. Kila pigo huvuta dawa kutoka kwenye pipa la lita 20 na kuitia ndani ya bomba linalopeleka maji tangini. Kwenye bomba pana mita inayohesabu maji. Kila kiasi fulani kikipita, mita huipa pampu ishara, nayo hupiga pigo moja. Maji yakienda kwa kasi, pampu nayo hupiga kwa kasi. Yakisimama, nayo husimama. Nilipoisikia mara ya kwanza ikipiga, tik, tik, tik, usiku mtaa umelala, nilikaa chini nikaisikiliza kwa muda mrefu.

Hesabu yake haina ugumu, na nilimfundisha mtunza tangi, kijana wa miaka kumi na tisa, kwa siku moja. Unga wetu una klorini asilimia 65. Tunatia gramu 310 katika lita 20 za maji, tunapata dawa ya asilimia 1 hivi, yaani gramu 10 za klorini katika kila lita. Tunaiacha itulie, chokaa kikae chini, tunahamisha maji ya juu tu kwenye pipa la pampu. Kwa dozi ya miligramu 2 kwa lita, kila lita 1,000 za maji zinahitaji mililita 200 za dawa hiyo. Tangi letu la lita 10,000 hula lita 2. Nilipomaliza hesabu nilidhani kazi imekwisha.

Kazi haikuwa hata imeanza.

Klorini unayotia na klorini inayobaki ni vitu viwili, na nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Ukitia miligramu 2, maji yenyewe hula sehemu yake kwanza: uchafu hula, chuma hula, ile harufu ya yai viza ya visima vya zamani hula. Kinachobaki ndicho kinacholinda. Shirika la Afya Duniani linataka baada ya nusu saa ya kukaa na dawa ibaki miligramu 0.5 kwa lita ya klorini huru, yaani isiyofungamana na kitu kingine, na kwenye mfereji wa mnywaji isipungue 0.2. Tunaipima kwa tembe ndogo inayoyeyushwa katika kichupa cha maji. Maji yakigeuka rangi ya waridi, dawa ipo, na ukolevu wa rangi unakuambia ni kiasi gani. Yakibaki meupe, hakuna kitu.

Tangini kwetu yaligeuka waridi. Nyumba ya kwanza waridi hafifu. Nyumbani kwa bibi, ambako bomba linaishia, meupe kama yalivyotoka kisimani. Wiki nzima meupe. Tukaongeza dozi, na jambo la ajabu likatokea: harufu ya dawa ikazidi, watu wakaanza kulalamika, na kipimo cha klorini huru kikabaki pale pale sufuri.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo kisima chetu kilipotoa siri yake. Mkojo huoza ukawa amonia. Klorini ikikutana na amonia hufungamana nayo na kuwa kloramini, kitu chenye harufu kali lakini kivivu sana katika kuua wadudu. Ukiongeza klorini, mwanzoni unaongeza kloramini tu. Ukiendelea, klorini inaanza kuivunja ile kloramini yenyewe, na kipimo cha jumla kinashuka badala ya kupanda. Unatia zaidi, unapata pungufu. Ukiipita hatua hiyo ndipo klorini huru inapoanza kubaki, na harufu nayo hupungua. Kwa kila miligramu 1 ya nitrojeni iliyomo katika amonia, klorini miligramu 8 hadi 10 huliwa kabla ya kufika hapo. Kwa hiyo ile harufu iliyowakera watu haikuwa dalili ya dawa kuzidi. Ilikuwa dalili ya choo cha hatua kumi na nne.

Tulipofika miligramu 4 kwa lita tukaivuka ile hatua. Mfereji wa bibi ulitoa waridi jioni ya siku ya pili, 0.5 kamili. Nilifurahi hadi nikasahau kumwambia kitu. Alfajiri yake akanipigia simu.

Sasa jibu la swali lake. Samaki hayanywi maji kama sisi, huyapumua. Maji hupita mchana na usiku juu ya matamvua yake, mahali ambapo kati ya maji na damu pana utando mwembamba kuliko karatasi, na klorini huuchoma. Kiasi kidogo sana kinatosha kumuua. Sisi tukiyanywa, dawa hukutana na mate, na chakula, na vya tumboni, ikaisha nguvu hapo hapo, ikageuka kuwa kloraidi, ile ile iliyo ndani ya chumvi ya mezani. Na wapo wanadamu ambao mbele ya maji haya wako kama samaki: wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine. Huko maji hukutana na damu moja kwa moja kupitia utando, na ndiyo sababu hospitali lazima ziondoe klorini na kloramini yote kwanza. Nilimweleza bibi kwa mfano huo kwa sababu nduguye alisafishwa damu kwa miaka miwili, naye alimfuata kila safari. Akanielewa mara moja. Alisema, "Kumbe samaki hana tumbo la kumkinga."

Kisha akaniuliza lililonikaa hadi leo: "Na zamani, walipokuwa hawafi?" Zamani, bibi, ilikuwa kwa sababu dawa haifiki kwako. Wale samaki waliishi vizuri wiki zote ambazo wewe ulikuwa unakunywa maji yasiyo na ulinzi wowote. Kufa kwao ndiyo ilikuwa habari ya kwanza kwako kwamba mtaa mzima, hadi nyumba ya mwisho, umefikiwa. Sikuweza kumwambia hivyo kwa furaha, na hakuipokea kwa furaha.

Mengine nitayapitia haraka. Maji ya matumbawe yana chokaa nyingi, na pale dawa inapoingia bombani chokaa huganda kama jiwe, ikaziba. Tunapasafisha kwa siki kila baada ya wiki mbili. Siku moja kijana wetu alitaka kumwaga asidi ya kusafishia choo kwenye neli iliyokuwa bado na dawa, nilimshika mkono. Asidi ikikutana na klorini hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na chumba cha pampu hakina dirisha. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimemfundisha. Sasa neli husuuzwa kwa maji safi kwanza, nje, na asidi haiwekwi katika chumba kile. Pipa la dawa tumelihamisha kutoka juani hadi kivulini, maana jua na joto huiua dawa kimya kimya. Pipa limejaa, na ndani hamna nguvu. Na neli hushikwa na mapovu ya hewa, pampu ikapiga bure. Ukiisikia tu hutajua. Lazima uitazame dawa ikipanda.

Maulidi nayo ilitufunza yake. Mfungo Sita wageni hujaa, nyumba ya watu watano inalaza ishirini, na tangi linajazwa na kumalizwa siku hiyo hiyo. Pampu ilifuata mita vizuri, dozi ilikuwa sahihi, lakini maji hayakupata nusu saa yake ya kukaa na dawa. Bomba la kuingilia na la kutokea yalikuwa chini, upande mmoja, kwa hiyo maji mapya yalikuwa yakitoka bila kuchanganyika. Fundi alihamisha la kuingilia juu, upande wa pili. Kazi ya asubuhi moja. Ilinisikitisha kwamba hatukuiona mapema. Tena maji yetu yana pH, yaani kipimo cha uasidi, inayokaribia 8, na klorini haipendi hivyo: kwenye 7.5 nusu yake huwa katika umbo lenye nguvu, kwenye 8.5 hubaki kama sehemu moja ya kumi. Maji kama yetu yanahitaji muda zaidi.

Wazee wa msikiti waliuliza kama maji yenye harufu yanafaa kutawadhia. Swali zuri, na nilimwachia imamu. Aliyanusa, akayaonja, akasema mabadiliko haya ni madogo, bado yanaitwa maji, basi ni maji. Watu wakatawadha.

Dawa haiondoi chumvi. Haiondoi choo kilicho karibu na kisima. Kuna vijidudu, kama kriptosporidiamu, ambavyo huivumilia vizuri tu. Tuliomba ofisi moja inayohusika ije ipime maji yetu na kutusaidia kuhamisha shimo lile la choo; tulipewa tarehe, tukaandaa chai, hakuja mtu. Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Tunaendelea kuomba, na wakati huo huo tunachanga wenyewe ili jirani yetu ajengewe shimo lisilovuja, kwa sababu kumwachia mjane mzigo huo peke yake ingekuwa aibu kwa mtaa mzima.

Bibi ametengeneza utaratibu wake. Maji ya kunywa anakinga asubuhi moja kwa moja kutoka kwenye mfereji, anayafunika. Maji ya birika anayateka kwanza kwenye madumu yaliyo wazi, yanakaa uani siku tatu kwenye hewa na jua hadi dawa itoke, ndipo anayamimina. Nilimpa kichupa na tembe zangu za kupimia. Yakibaki meupe, samaki wanaweza kurudi. Mjukuu wake alimletea watano kutoka birika la jamaa yao Mkomani, nao wapo hadi leo, wanene, wakizunguka juu ya ile sahani.

Wiki iliyopita alinipigia tena alfajiri. Nilishtuka, nikauliza samaki. "Samaki wazima," akasema. "Mai ya kunwa ndiyo. Nimeyakinga sasa hivi, hayanuki kitu." Nikavaa viatu nikaenda tangini. Pampu ilikuwa ikipiga kama kawaida, tik, tik, tik. Neli ilikuwa imejaa hewa kutoka chini hadi juu.